Habari za Mto Pleiße

Walimu wanaofundisha habari za nchi za Ulaya huwaonyesha watoto mito mikubwa ya Ujerumani: Rhine wenye meli nyingi, Elbe upitao Hamburg, na Danube uelekeao mashariki hata Bahari Nyeusi. Mito hiyo yajulikana, na mtoto mwenye bidii aweza kuitaja bila kutazama kitabu. Lakini leo twataka kufuata mto mdogo, ambao katika ramani nyingi haukuandikwa hata jina. Huo ni mto Pleiße. Jina lake husomwa kama "Plaise", na ile herufi ya ajabu iliyo karibu na mwisho hutumika mahali pa s mbili. Urefu wake ni kama kilometa 100 tu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuufuata tangu chimbuko hata mwisho wake kwa siku nne au tano.

Mtu akiuliza, "Mto mdogo namna hii una habari gani ya kutufaa?" tutamjibu hivi: Mto huu uliuawa na watu, ukafunikwa kama maiti, kisha ukafunuliwa tena, na hata leo haujapona kabisa. Tena mambo hayo hayakuwa ya zamani sana. Wako wazee wa Leipzig waliouona mto ukifunikwa walipokuwa watoto, nao ndio hao wanaopita leo na wajukuu wao kando ya maji yale yale. Basi na tuufuate polepole, tuone yaliyoupata.

Pleiße hutoka katika vilima vilivyo kusini-magharibi ya mji wa Zwickau, katika jimbo la Sachsen, karibu na kijiji cha Ebersbrunn. Hapo ni kijito tu, ambacho mtoto hukiruka bila kulowesha miguu. Hushuka kuelekea kaskazini, hupita miji ya Werdau na Crimmitschau, kisha huingia katika jimbo la Thüringen. Huko hupita Gößnitz, na hupita upande wa mashariki wa Altenburg, mji wa zamani sana. Halafu hurudi tena Sachsen karibu na Regis-Breitingen. Hapo kale wafalme wa Ujerumani waliiita nchi hii Pleißenland, yaani nchi ya Pleiße. Kwa hiyo twaona ya kuwa watu wa kale hawakuudharau mto kwa udogo wake. Walilitwaa jina lake wakalitia juu ya nchi nzima.

Werdau na Crimmitschau ni miji iliyokua kwa kazi ya nguo. Sufu ya kondoo haifumwi kama ilivyokatwa. Sharti ioshwe, isokotwe, itiwe rangi, na ioshwe tena. Kazi hizo zote zataka maji mengi, na kila mwenye kiwanda alipenda kujenga karibu na mto. Katika viwanda vya Crimmitschau wafanya kazi maelfu, wanaume na wanawake, waligoma tangu Agosti 1903 hata Januari 1904, wakitaka siku ya kazi isizidi saa 10. Hawakupata waliyoyataka wakati ule, lakini habari yao ilienea Ujerumani yote. Basi mto uliokuwa ukipita nyuma ya viwanda ulichukua yote yaliyomwagwa: mafuta ya sufu, sabuni na rangi. Hivyo Pleiße ulianza kuchafuka mapema, kabla haujafika nusu ya safari yake.

Ukiisha kupita Regis-Breitingen, vilima vyaisha, na nchi yawa tambarare. Mgeni aitazamaye huiona kuwa nchi ya mashamba tu. Walakini utajiri wake ulikuwa chini ya mashamba, nao ndio uliouletea mto msiba. Chini ya nchi hii yote yamelala makaa. Si yale makaa meusi magumu yachimbwayo mbali sana chini. Haya ni ya rangi ya kahawia, laini, yenye maji mengi ndani yake. Yalitokana na misitu iliyoota huko miaka milioni nyingi iliyopita. Miti ilianguka katika vinamasi, ikafunikwa na mchanga na udongo, ikageuka kidogo kidogo kuwa makaa.

Kwa kuwa makaa haya hayako mbali chini, watu hawayachimbi kwa kuteremka katika mashimo membamba. Huondoa nchi yote iliyo juu yake, kama mtu aondoavyo blanketi kitandani. Mitambo mirefu kuliko minara ya makanisa huchota udongo na kuutupa upande wa pili, na shimo huenda mbele siku kwa siku. Lakini shimo likiwa na kina, maji ya chini ya ardhi huingia. Kwa hiyo pampu hufanya kazi usiku na mchana, miaka makumi, ili nchi iwe kavu. Msomaji na alikumbuke neno hili la pampu, maana tutalirudia.

Machimbo ya Böhlen yalifunguliwa mwaka 1921, na ya Espenhain mwaka 1937. Mahali shimo lilipotaka kupita, kila kitu kilitakiwa kuondoka. Vijiji makumi vya kusini ya Leipzig viliondolewa, na wenyeji wao wakahamishwa. Kijiji cha Magdeborn, ambacho jina lake lilikuwa limeandikwa katika vitabu tangu miaka kama 1000 iliyopita, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na kanisa lake. Hata mto wenyewe haukuachwa. Pleiße ulitolewa katika njia yake ya asili zaidi ya mara moja, ukatiwa katika mfereji ulionyoshwa. Kwa hiyo mtu atembeaye leo kando ya mto kati ya Regis-Breitingen na Leipzig, mahali pengi hatembei pale babu zake walipovua samaki.

Lakini kuhamishwa si kufa. Kilichoua mto ni viwanda vilivyojengwa kando ya machimbo. Huko Böhlen na Espenhain makaa yalitiwa katika matanuru yasiyoingia hewa, yakapashwa moto mkali, yakatoa lami, mafuta na gesi. Maji yaliyosalia katika kazi hiyo yalikuwa na fenoli nyingi. Fenoli ni kitu kile kile kiitwacho karboliki. Wauguzi wa zamani waijua harufu yake, maana ilitumika kuua vijidudu vya vidonda. Basi kitu kiuacho vijidudu katika kidonda, kikimwagwa mtoni kwa wingi, huua na viumbe vya mtoni vilevile. Tena uchafu wa namna hii ukioza majini hula ile hewa iliyo ndani ya maji, ambayo samaki huivuta kwa matamvua yao. Samaki hufa kwa kukosa pumzi ingawa maji yamejaa tele.

Hivyo ndivyo maji yalivyofika Leipzig, yakiwa meusi, yenye kunuka.

Sasa yatupasa kusema kidogo habari za mji huo, ili msomaji ajue ni mji gani uliotiwa harufu ile. Leipzig umesimama mahali ikutanapo mito mitatu: Pleiße, Weiße Elster na Parthe. Jina lake latokana na lugha ya Waslavi waliokaa huko zamani, nalo lahusu mti mmoja wa Ulaya wenye maua mazuri yapendwayo na nyuki. Liliandikwa mara ya kwanza katika habari za mwaka 1015. Kwa karne nyingi wafanya biashara wa mashariki na magharibi walikutana huko katika masoko makubwa. Mfereji wa vinu uliotolewa katika Pleiße ulipita kando ya mji wa kale upande wa magharibi, ukisaga nafaka za wenyeji. Haukuwa mbali na kanisa la Thomaskirche, ambako Johann Sebastian Bach alikuwa mkuu wa waimbaji tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750.

Hapo kando ya maji palikuwa na ngome iliyoitwa Pleißenburg, kwa jina la mto. Katika ngome hiyo, mwezi wa Juni na Julai mwaka 1519, Martin Luther na mwenzake Karlstadt walijadiliana na Johannes Eck mbele ya wakuu na wanafunzi. Walimu wetu waisomayo historia ya Kanisa wanaujua mjadala huo, lakini labda hawakujua kwamba ulifanyika kando ya mto tunaousimulia. Ngome haipo tena. Mahali pake pamejengwa jumba kubwa la baraza la mji. Tena Wakristo wa Kilimanjaro, Meru na Upare wamelijua jina la Leipzig tangu siku za babu zao. Chama cha misheni kilichoanzishwa Dresden mwaka 1836 kilihamia Leipzig mwaka 1848, na wajumbe wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza kazi Machame.

Basi katika mji huo wenye sifa, miaka ya 1950, wenyeji hawakuweza tena kuvumilia harufu ya mto. Nchi ilikuwa imegawanyika baada ya vita, na Leipzig ulikuwa katika Ujerumani ya Mashariki. Mafuta na umeme vilikuwa haba, na makaa ya kahawia yalikuwa ndiyo mali ya nchi; viwanda vya Böhlen na Espenhain havikuweza kusimamishwa. Wakuu wa mji walikuwa na njia mbili: kuyasafisha maji, au kuyaficha. Kuyasafisha kulitaka fedha nyingi na ruhusa ya wakubwa zaidi. Wakachagua kuyaficha. Mfereji wa Pleiße uliopita mjini ulijengewa paa la mawe na saruji, na juu yake pakafanywa njia na mahali pa kuweka magari. Watu wakapita juu ya mto bila kuuona. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba chini ya miguu yao palikuwa na maji yaendayo.

Wahenga wetu walisema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Paa lilizuia harufu, lakini halikuyaponya maji, yalitoka upande wa pili yakiwa vilevile. Nalo halikuwa paa pekee. Mwaka 1982 serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilitoa amri kwamba hesabu za uchafu wa maji na hewa ziwe siri. Mama aliyetaka kujua kwa nini mtoto wake akohoa, au mvuvi aliyetaka kujua kuna nini mtoni, hakuwa na mahali pa kuuliza. Mto ulifunikwa kwa saruji, na habari zake zikafunikwa kwa mihuri ya ofisi.

Walakini watu wana pua na macho. Katika mji mdogo wa Rötha, ulio karibu na Böhlen na Espenhain, yako makanisa mawili yenye vinanda vizuri vilivyotengenezwa na fundi mashuhuri Gottfried Silbermann miaka kama 300 iliyopita. Nyumba za huko zilipakwa masizi, na nguo zilizoanikwa zilirudi ndani zikiwa na madoa. Huko na katika Leipzig, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Wakristo walianza kukutana katika nyumba za kanisa ili kuzungumza habari za hewa na maji. Kanisa lilikuwa karibu mahali pekee ambapo watu waliweza kukutana kwa neno kama hilo bila kibali cha serikali.

Mwaka 1988 wale wa Rötha walibuni njia ya werevu. Kukusanya sahihi za watu kulikatazwa, lakini kukusanya sadaka kulikuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo waliomba kila mtu atoe mark moja tu, kusaidia kuponya uchafu wa Espenhain, na kila aliyetoa aliandika jina lake katika karatasi ya stakabadhi. Fedha hizo hazikuweza kutosha kununua hata sehemu ndogo ya mitambo iliyotakiwa, na wote walilijua jambo hilo. Lakini majina yalikuwa maelfu kwa maelfu, na kila jina lilikuwa sauti.

Mwaka ule ule, tarehe 5 Juni 1988, watu kama 200 walitembea pamoja kuufuata Pleiße katika Leipzig, wakiukumbuka kama watu wamkumbukavyo marehemu. Mwaka uliofuata walitaka kutembea tena, tarehe 4 Juni 1989. Serikali ilikataza. Walikutana katika kanisa la Paul-Gerhardt-Kirche huko Connewitz, wakasali, na mamia wakatoka kwenda njiani ingawa walikatazwa. Polisi waliwazuia, na makumi walikamatwa. Msomaji asidhani kwamba huko kulikuwa kutembea kwa kupunga hewa. Katika nchi ile, mtu aliyeandikwa kuwa mkaidi aliweza kunyimwa masomo yeye na watoto wake, au kuondolewa kazini. Walijua hayo, nao walikwenda kwa ajili ya mto ambao sehemu yake hawakuweza hata kuuona.

Miezi minne baadaye, tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya sala za amani katika Nikolaikirche na makanisa mengine, watu kama 70,000 walipita katika njia za Leipzig wakitaka uhuru, na askari hawakupiga bunduki. Mto haukuwa sababu pekee, wala sababu kubwa kuliko zote. Lakini watu walikuwa wamekwisha kujizoeza ujasiri katika jambo lililo karibu na nyumba zao.

Kisha mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1990 matanuru ya Espenhain yalizimwa, na Ujerumani mbili zikawa nchi moja. Lami na fenoli zikakoma kuingia mtoni, na baadaye pakajengwa mitambo mipya ya kusafisha maji machafu ya miji. Samaki wakarudi. Lakini imetupasa kusema kweli yote: uponyaji huo ulikuwa na gharama. Wafanya kazi maelfu walikosa kazi katika muda mfupi. Baba aliyelisha watoto wake kwa mshahara wa kiwanda kilichoua mto hakufurahi kama yule aliyekuwa akiunusa tu. Watu wawili hao walikuwa jirani, na pengine walikaa katika nyumba moja.

Katika Leipzig wenyeji walianza kudai mto utolewe nuruni. Kidogo kidogo, tangu miaka ya 1990, paa lilivunjwa, kipande kwa kipande, na mfereji wa Pleiße ukaonekana tena kati ya nyumba. Ule mchimbo wa Cospuden, uliokuwa ukiuelekea msitu wa kusini ya mji, ulisimamishwa baada ya watu wengi kuandamana mwaka 1990. Shimo lake likajazwa maji, na mwaka 2000 likafunguliwa kuwa ziwa la kuogelea. Mashimo mengine yalifuata, na leo kusini ya Leipzig kuna maziwa mengi mahali palipokuwa jangwa la kifusi. Katika ziwa la Störmthal kimejengwa chombo kinachoelea, chenye sura ya kanisa, ili watu wakumbuke Magdeborn kilichopotea.

Hata hivyo uchimbaji haukukoma kabisa. Kijiji cha Heuersdorf nacho kiliondolewa kwa ajili ya makaa, na mwaka 2007 kanisa lake dogo la mawe, lenye umri wa miaka zaidi ya 700, lilinyanyuliwa zima juu ya gari lenye magurudumu mengi, likachukuliwa kilometa 12 hata mji wa Borna. Njiani lilivuka mto Pleiße. Likasimamishwa huko siku ya 31 Oktoba.

Watu wengi walidhani ya kuwa sasa hadithi ya mto imekwisha vizuri. Lakini miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea mwisho, maji ya Pleiße chini ya Regis-Breitingen yakaanza kuwa ya rangi ya kahawia, kama chai yenye maziwa. Mara hii hapakuwa na kiwanda cha kulaumiwa. Viwanda vilikuwa vimefungwa zamani. Basi rangi ile ilitoka wapi?

Hapa turudi kwenye zile pampu. Katika udongo ulio juu ya makaa na kati yake mna madini yaliyofanyika kwa chuma na salfa, yaitwayo piriti. Yakikaa chini ya maji, bila hewa, hayana madhara. Yamelala maelfu ya miaka. Lakini watu walipopiga pampu na kukausha nchi, na mitambo ilipoupindua udongo, hewa iliingia na kuyagusa. Piriti ikaanza kuoza, kama msumari uachwavyo nje, ikageuka kuwa chumvi za chuma na salfa. Maadamu nchi ilikuwa kavu, chumvi hizo zilikaa mahali pake. Pampu zilipozimwa, maji ya chini ya ardhi yakapanda tena polepole, mwaka kwa mwaka, yakipita katika kifusi cha machimbo ya zamani ya Witznitz, kilicho kati ya mto Wyhra na Pleiße. Yakaziyeyusha zile chumvi na kuzichukua hata mtoni.

Tazama jinsi jambo hili linavyodanganya macho. Maji hayo yakichotwa chini ya ardhi yaweza kuwa maangavu kama maji ya kisima kizuri, maana chuma kimeyeyuka ndani yake. Yakifika mtoni na kukutana na hewa, chuma hugeuka kuwa kutu, na maji huwa ya kahawia. Kutu hiyo si sumu ya kumwua mtu aigusaye. Lakini hutua chini ya mto na kufunika mawe na mchanga kama rangi ya ukutani. Mayai ya samaki hukosa hewa, wadudu wadogo wa majini hukosa mahali pa kushika, na matamvua ya samaki hushikwa na kutu. Pamoja na hayo salfa iliyoyeyuka haionekani wala haitui. Huenda na maji mpaka mbali.

Wahandisi wana dawa za jambo hili. Waweza kuyakusanya maji ya kifusi kabla hayajafika mtoni, kuyatia chokaa ili kupunguza ukali wake, na kuyaacha yatulie katika mabwawa hata kutu ishuke chini. Lakini dawa hizo zataka mitambo, fedha, na mahali pa kutupa matope ya kutu. Na chanzo chenyewe, kile kifusi kilichopinduliwa, hakiwezi kurudishwa kilivyokuwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifanya sheria mwaka 2000 kwamba mito yote iwe katika hali njema kufika mwaka 2015, na muda huo ukaongezwa hata 2027. Sheria yaweza kuweka tarehe, lakini piriti haisomi kalenda. Itaendelea kutoa chuma mpaka iishe.

Uko na ugomvi mwingine mdogo, ambao nao wafaa kusimuliwa. Kabla ya kuingia katikati ya Leipzig, Pleiße hupita katika msitu mkubwa wa bondeni, wenye mialoni mirefu. Msitu wa namna hii hupenda kufunikwa na maji ya mafuriko mara kwa mara. Lakini watu walinyosha mito na kujenga matuta ili mji usizame, na msitu ukawa na kiu. Tena maji yaliposafika, watu walipenda kwenda kwa mitumbwi toka mjini mpaka ziwa la Cospuden, wakipita mfereji mwembamba uitwao Floßgraben. Kumbe katika kingo za mfereji huo hukaa ndege mdiria, mwenye mgongo wa buluu, anayetoboa tundu katika udongo ili alee makinda yake. Wenye mji wakaweka masharti: wakati wa kulea makinda, mitumbwi isipite ila kwa saa zilizopangwa. Wengine hunung'unika. Lakini mwenye kukumbuka fenoli huona kwamba ugomvi wa watu na mdiria ni ugomvi mwema. Zamani hapakuwa na ndege wa kugombana naye.

Katika Leipzig safari ya Pleiße yaisha. Humwaga maji yake katika Weiße Elster, nao huyapeleka kwa mto Saale, karibu na Halle. Saale huyapeleka kwa Elbe, na Elbe huyachukua kupita Magdeburg na Hamburg hata Bahari ya Kaskazini. Kila penye makutano, mto hupoteza jina lake na kupewa jina la mkubwa wake. Lakini chumvi zilizomo hazipotei kwa kubadilishwa jina. Aishiye chini ya mto hupokea yote yaliyotendwa juu, hata na wale wasiomjua, hata na wale waliokufa zamani.

Mwalimu apendaye kulitumia somo hili na awapeleke watoto kwenye kijito kilicho karibu na shule yake. Kila mwezi waandike katika daftari moja: maji yana rangi gani, yana harufu gani, chini ya jiwe mna wadudu gani, na samaki wanaonekana au hapana. Daftari hilo litunzwe shuleni, na darasa lijalo liendeleze. Halitaki mtambo wala fedha. Lakini kijito kikianza kuugua, kijiji kitakuwa na habari zake zilizoandikwa, tangu siku kilipokuwa kizima, na mtu yeyote akitaka kuzisoma atafunguliwa.